Duke wa Monmouth: mtoto wa inje wa mfalme, kiti cha baba, na wafuma nguo wenye walilipa

Baba akifa katika familia kubwa, kilio kinaisha na kikao kinaanza. Wajomba wanaketi, baba wadogo wanaketi, na kabla ya kuzungumza shamba ao nyumba, swali moja linapita mbele ya yote: mama ya huyu mtoto alitolewa mahari ao hapana? Kama jibu ni hapana, mtoto anaweza kuwa na sura ya baba, mwendo wa baba, hata kicheko cha baba, lakini kwenye urizi ataambiwa abaki inje. Wengine wanakubali na wanaenda kujitafutia maisha. Wengine wanamuona avoka. Na wengine wanatafuta watu wa kuwasaidia kuchukua kwa nguvu.

Leo tunawaletea maisha ya mtoto mmoja wa namna hiyo. Baba yake hakuacha shamba, aliacha nchi nzima. Ni Uingereza, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Mtoto aliitwa James, lakini historia inamjua kwa cheo chake: Duke wa Monmouth. Duke ni cheo cha juu kabisa cha wakubwa wa kule, chini ya familia ya mfalme. Tunaeleza maisha yake yeye, na pia ya watu wadogo wenye walimfuata, juu hao ndio walibaki na deni.

Alizaliwa katika ukimbizi

Mwanzo wa mwaka 1649 Uingereza ilikuwa imetoka katika vita kati ya mfalme na Bunge. Mfalme Charles wa Kwanza alishindwa, akahukumiwa, na tarehe 30 mwezi wa kwanza akakatwa kichwa mbele ya watu London. Mtoto wake mkubwa, naye Charles, alikuwa na miaka 18. Alikuwa mkimbizi Uholanzi, mfalme wa jina tu, bila nchi na bila makuta.

Kule Uholanzi alikuwa na msichana wa kutoka Wales, Lucy Walter. Tarehe 9 mwezi wa nne mwaka uleule, Lucy alizaa mtoto mwanaume katika mji wa Rotterdam. Babu yake alikuwa ameuawa wiki kumi tu mbele. Charles alimkubali mtoto kuwa wake, hakumkataa hata siku moja. Lakini kama alifunga ndoa na Lucy ao hapana, hilo ndilo swali lenye litamfuata mtoto mpaka siku ya kufa. Karatasi ya ndoa hakuna mtu aliyeionyesha.

Mapenzi yale hayakudumu. Lucy alihangaika na mtoto kutoka mji mpaka mji. Mwaka 1656 alijaribu kurudi London, wakamkamata wakisema ni mpelelezi wa mfalme. Wakamfunga pamoja na mtoto ndani ya ngome ya London, ile yenye inaitwa Tower, kisha wakamrudisha ng'ambo ya bahari. Charles naye alianza kutuma watu wamnyanganye mtoto. Mwaka 1658 walifaulu. Mwaka huohuo Lucy alikufa Paris. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Akapewa mkubwa mmoja rafiki ya Charles, aliyeitwa Crofts, amlee, na yeye akachukua jina la mlezi wake: James Crofts. Kwa miaka yake masomo yake yalikuwa machache, juu hakuna pahali alipokaa kwa utulivu.

Kipenzi cha baba

Mwaka 1660 mambo yaligeuka. Waingereza walichoka na utawala wa wanajeshi, wakamwita Charles arudi kwenye kiti. Akawa Charles wa Pili. Miaka miwili baadaye alimleta mtoto London, kijana wa miaka 13, sura nzuri, mwepesi wa kukimbia na kucheza dansi. Wakubwa wote waliona namna mfalme anavyomtazama. Mwaka 1663 akamfanya Duke wa Monmouth. Mwaka uleule akamuoza Anne Scott, msichana wa miaka 12, mrizi wa mali nyingi sana kule Scotland. Kijana akachukua jina la familia ya mke, akawa James Scott.

Kwa upande wa ndoa, mfalme alimuoa Catherine, binti wa mfalme wa Ureno, mwaka 1662. Malkia hakupata mtoto aliye hai. Lakini mfalme huyo alikuwa na watoto 14 hivi wenye alikubali, kwa wanawake mbalimbali, na Monmouth ndiye mkubwa wao. Kwa sheria ya Uingereza hakuna hata mmoja kati yao angeweza kurizi kiti. Mrizi alikuwa mdogo wa mfalme, naye aliitwa James, Duke wa York. Kwa Monmouth huyo ni baba mdogo. Ili tusichanganye majina, huyu mtoto tutamwita Monmouth, na baba mdogo tutamwita James.

Monmouth aliwekwa katika jeshi na hakufanya aibu. Mwaka 1665 alikuwa baharini pamoja na baba mdogo katika vita dhidi ya Waholanzi. Mwaka 1673 alipigana Maastricht upande wa Wafaransa, na ushujaa wake ukasemwa pande zote. Mwaka 1678, siasa ikiwa imegeuka, alipigana dhidi ya Wafaransa haohao karibu na Mons, katika nchi yenye leo ni Ubelgiji. Mwaka 1679 baba alimtuma Scotland kuzima uasi wa Waprotestanti wa kule. Aliwashinda kwenye daraja la Bothwell, lakini hakuruhusu wafungwa wachinjwe. Jambo hilo watu walilikumbuka.

Kuna upande mwingine pia, na tusiufiche. Mwisho wa mwaka 1670 askari wa kikosi chake walimvizia njiani mbunge mmoja mwenye alikuwa amefanya mzaha Bungeni juu ya wanawake wa mfalme, wakamkata pua. Miezi michache tu baadaye, Monmouth na vijana wengine wa wakubwa walifanya fujo usiku mjini na mlinzi wa mtaa akauawa. Mfalme akasamehe. Mlinzi akazikwa. Kijana akaendelea kupanda vyeo. Hivi ndivyo alivyokua: akikosea yeye, mwenye kulipa alikuwa mtu mwingine.

Hofu, dini na sanduku jeusi

Ugomvi mkubwa ulikuja juu ya James, baba mdogo. Uingereza ilikuwa nchi ya Waprotestanti kwa wingi, na James alikuwa ameingia Ukatoliki. Mwaka 1673 ilijulikana wazi, wakati alipoacha kazi zake za leta kuliko kuapa kiapo chenye kilikuwa kinyume na imani yake. Wasomaji wetu Wakatoliki na Waprotestanti wasigombane hapa. Kule, siku zile, dini na siasa zilikuwa nguo moja. Waingereza wengi waliogopa kwamba mfalme Mkatoliki ataondoa Bunge na kutawala peke yake, sawa vile mfalme Louis alivyofanya Ufaransa.

Kwenye hofu kama hiyo uongo unatembea haraka kuliko farasi. Mwaka 1678 mtu mmoja, Titus Oates, alitangaza kwamba Wakatoliki wana mpango wa kumuua mfalme. Aliutunga mwenyewe. Lakini mji mzima uliamini, na watu wasio na kosa walinyongwa.

Hapo wakubwa fulani Bungeni, wakiongozwa na Earl wa Shaftesbury, wakaanza kusema James asirizi kabisa. Kati ya mwaka 1679 na 1681 walijaribu mara tatu kupitisha sheria ya kumuondoa, na kila mara mfalme akazuia ao akavunja Bunge. Sasa kama si James, nani? Macho yakaelekea kwa Monmouth. Ni Mprotestanti, ni askari, watu wanampenda. Kilikosekana kitu kimoja tu, ndoa ya mama yake.

Basi ikazuka habari ya sanduku jeusi. Watu wakasema kuna sanduku pahali fulani, na ndani kuna karatasi inayoonyesha kwamba Charles na Lucy walifunga ndoa. Kila mtu alimjua mtu mwenye alimjua mtu mwenye aliliona. Mfalme aliagiza uchunguzi ufanywe, wakuu wakaulizwa mmoja mmoja, na hakuna aliyesema ameliona kwa macho yake. Mwaka 1679 na tena mwaka 1680 Charles alitangaza mbele ya nchi kwamba hajawahi kuoa mwanamke mwingine isipokuwa malkia Catherine.

Tufikiri kidogo juu ya hali ya huyu mtu. Baba anamlisha, anamvika, anamsamehe, anamkumbatia mbele ya wote. Na baba huyohuyo anaweka saini kwamba wewe, mwanangu, hauna haki kwenye kiti changu. Charles alimpenda sana mtoto wake, lakini hakutaka kugusa utaratibu wa urizi, juu mwenye kiti akianza kuchagua mrizi kwa mapenzi, kesho watu nao wataanza kuchagua mfalme.

Monmouth hakulisikia hilo. Alisikia makelele ya barabarani. Mwaka 1679 baba alimtuma uhamishoni ili mambo yapoe. Mwezi wa kumi na moja akarudi bila ruhusa, na London ikawasha mioto ya furaha na kengele zikalia. Baba akakataa kumuona na akamnyanganya kazi zake. Mwaka uliofuata akatembelea magharibi ya nchi, Somerset na Devon. Watu maelfu walitoka barabarani kumuona. Kule alifanya jambo zito: aliwekea mkono wagonjwa. Waingereza wa wakati ule waliamini kwamba mkono wa mfalme wa kweli unaponyesha ugonjwa fulani wa uvimbe wa shingo. Mwenye kugusa mgonjwa namna ile alikuwa anasema, bila kufungua kinywa, kwamba yeye ni mfalme.

Mwaka 1683 ulifichuliwa mpango wa kuwavizia Charles na James njiani, wakitoka kuangalia mashindano ya farasi. Jina la Monmouth lilitajwa kati ya waliokuwa wakipanga uasi. Wenzake wawili wakubwa, Russell na Sidney, walikatwa kichwa. Yeye alijificha, kisha baba akamsamehe tena, mara hii kwa masharti: aweke saini kwamba alijua njama ile. Akaweka. Kisha akaona haya, akaomba karatasi irudishwe. Baba akakasirika, na Monmouth akaenda Uholanzi. Alikuwa ameachana na mke wake wa ndoa, na mwenye kuishi naye alikuwa mwanamke aliyempenda, Henrietta Wentworth. Kule Uholanzi alipokelewa vizuri na mtawala William wa Orange, mtoto wa shangazi yake. Kumbuka jina la huyu William, litarudi.

Watu 82 kwenye meli tatu

Tarehe 6 mwezi wa pili mwaka 1685 Charles alikufa kwa ugonjwa. James akapanda kwenye kiti bila fujo. Wale wenye walipiga kelele miaka mitano mbele walinyamaza, na Bunge jipya likampa mfalme makuta yake.

Monmouth angeweza kukaa kimya na Henrietta wake, na kuna wakati alionekana kutaka hivyo. Lakini wakimbizi Waingereza na Wascotland waliomzunguka hawakutaka. Mtu wa uhamishoni anahesabu marafiki kwa siku aliyotoka, hajui leo wangapi wamebaki. Walimwambia nchi nzima inamngoja. Mpango ukawa hivi: Earl wa Argyll aanzishe vita Scotland, Monmouth ashuke magharibi, na marafiki wa London na wa kaskazini wasimame siku zilezile.

Makuta hayakuwapo. Yeye na Henrietta waliweka rehani vitu vyao vya dhahabu na mawe ya bei. Wakapata meli tatu, silaha za watu 1,500 hivi, na watu 82. Upepo ukawachelewesha. Tarehe 11 mwezi wa sita walishuka kwenye mji mdogo wa Lyme, pwani ya kusini. Sokoni likasomwa tangazo refu lenye kumshitaki James kwa mambo mengi, hata kwamba alichoma mji wa London mwaka 1666 na kwamba alimpa kaka yake sumu. Hakuna ushahidi wa hayo yote mawili. Lakini watu wa kule walikuwa na hofu na dini yao, na kazi ya nguo ilikuwa mbaya. Wakaja.

Walikuja kina nani? Wafuma nguo za sufu, washona viatu, maseremala, wakulima wadogo. Wengi walikuwa Waprotestanti wa makanisa madogo yenye leta ilikuwa inayasumbua. Katika siku chache walifika maelfu. Bunduki hazikutosha, wengine wakachukua miundu mirefu ya kukatia majani wakaifunga kwenye miti, wengine uma za kubebea majani makavu. Wakubwa wenye mashamba, wale wenye walikuwa wanamwalika mezani mwaka 1680, walibaki nyumbani. Farasi wao pia walibaki.

Siku ya tatu tu, wawili kati ya watu wake wa maana waligombania farasi. Mmoja, Andrew Fletcher, askari mwenye uzoefu, akampiga mwenzake risasi na akamuua. Ikabidi Fletcher aondolewe. Hivi Monmouth akapoteza wawili kwa siku moja, na adui hajafika.

Katika mji wa Taunton walimpokea kwa maua. Wasichana wa shule walimpa bendera 27 zenye walishona kwa mikono yao. Tarehe 20 alitangazwa mfalme sokoni. Hapo mbele, kwenye tangazo la Lyme, ilisemwa kwamba swali la kiti litaamuliwa na Bunge. Washauri wake walimwambia kwamba wakubwa watakuja tu kama kuna mfalme wa kufuata. Hawakuja. Na kule London Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kumhukumu kifo bila kesi, na zawadi ya paundi 5,000 kwa atakayemleta.

Alitaka Bristol, mji wa pili kwa utajiri nchini. Tarehe 25 alifika karibu kabisa, kwenye daraja la Keynsham. Mvua ikanyesha, wapanda farasi wa mfalme wakatokea, naye akasita na akageuka. Pengine ile ilikuwa siku yake, na ilipita. Siku mbili baadaye watu wake walipigana vizuri kwenye kijiji cha Norton, wakawarudisha nyuma askari wa leta. Lakini habari ikafika kwamba Argyll amekamatwa Scotland. London haikusimama. Na James akatangaza msamaha kwa raia wenye kutupa silaha. Usiku watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Monmouth mwenyewe alifikiri kukimbilia baharini na kuwaacha. Wenzake walimzuia.

Usiku wa Sedgemoor

Tarehe 3 mwezi wa saba walirudi Bridgwater, wamechoka, wameloa, viatu vimekwisha. Jeshi la mfalme lilikuwa karibu, limepiga kambi kwenye bonde la Sedgemoor. Mkuu wake alikuwa Feversham, na wa pili wake alikuwa John Churchill, mwenye baadaye atakuwa jenerali mkubwa wa Ulaya. Bonde lile ni tambarare yenye maji, limekatwa na mifereji mirefu mipana.

Monmouth alijua kwamba mchana, uso kwa uso, wafuma nguo hawawezi kushinda askari wa kazi. Akachagua usiku. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 walitoka Bridgwater bila taa na bila kelele, watu 3,000 na zaidi, wakizunguka kilometa kama kumi. Mtu wa kijiji aliwaonyesha njia. Ukungu ulikuwa mzito. Mpango haukuwa wa kijinga.

Karibu na mfereji mmoja risasi ikalia. Kambi ikaamka. Mbele ya kambi kulikuwa na mfereji mwingine mpana, na wapanda farasi wa Monmouth chini ya Lord Grey hawakupata pahali pa kuvuka. Farasi zao, nyingi zilikuwa za mashambani, ziliogopa mlio wa bunduki. Zikageuka na kupita katikati ya watu wao wenyewe wa miguu.

Wale wa miguu hawakukimbia. Walifika kwenye mfereji wakasimama, wakapiga risasi gizani mpaka zilipokwisha. Waliita waletewe nyingine, lakini wenye mikokoteni walikuwa wamekimbia. Kulipopambazuka, mizinga na farasi za mfalme zikawafikia toka pande zote. Wengi walikufa hapo, na wengi zaidi waliuawa wakikimbia ndani ya mashamba ya ngano. Wanahesabiwa kupita elfu moja.

Wakati huo Monmouth alikuwa amekwisha kuondoka. Alivua nguo zake za vita, akapanda farasi pamoja na Grey, na watu wake walikuwa bado wanapigana.

Mbegu mfukoni

Siku mbili baadaye, tarehe 8, askari walimkuta ndani ya mtaro, chini ya majani, amevaa nguo za mchungaji wa kondoo. Mfukoni alikuwa na mbegu kidogo za njegere mbichi, chakula chake cha siku zile. Walipelekwa London, yeye na Grey.

Aliandika barua kwa baba mdogo akiomba waonane. James alikubali, tarehe 13. Monmouth aliletwa mikono imefungwa, akapiga magoti, akalia, akasema alidanganywa na washauri. James hakubadilika. Wengi walimlaumu mfalme baadaye, kwamba mwenye hataki kusamehe hapaswi kukubali kumuona mtu.

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1685 alipelekwa kwenye kilima karibu na ile Tower alimofungwa mtoto pamoja na mama yake. Alimpa muuaji wa leta, Jack Ketch, makuta ili afanye kazi vizuri. Ketch alipiga shoka mara tano ao zaidi na hakumaliza. Mwishoni alitumia kisu. Watu waliokuwa pale walikasirika sana, askari ndio walimlinda Ketch. Monmouth alikuwa na miaka 36.

Asubuhi hiyo alikuwa ameweka saini kwenye karatasi moja fupi. Ilisema kwamba baba yake alimwambia hakumuoa mama yake, na aliomba watoto wake wasiteswe juu ya kosa lake. Kumbe alijua. Sanduku lile jeusi, lenye watu waliacha vyombo vyao vya kufuma na kwenda kufa juu yake, yeye alijua halina kitu ndani.

Bili ilienda kwa wengine

Baada ya vita ilikuja tribinali. Jaji mkuu Jeffreys alizunguka miji ya magharibi mwaka uleule. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya mama mzee wa miaka karibu 70, Alice Lisle. Kosa lake lilikuwa kuwapa watoro wa vita chakula na pahali pa kulala. Alikatwa kichwa. Kisha Dorchester, Exeter, Taunton, Wells. Watu 300 hivi waliuawa, na vipande vya miili vikatundikwa kwenye njia panda za vijiji vyao ili jirani waone. Zaidi ya 800 walipelekwa Barbados na visiwa vya jirani kufanya kazi ya lazima kwenye mashamba ya sukari. Wakubwa wa ikulu waligawiwa wafungwa hao ili wauze kazi yao wapate faida. Hata wale wasichana wa bendera, wazazi wao walilazimishwa kulipa, na makuta yalikuwa ya wanawake wa malkia.

Na Lord Grey, mkuu wa farasi zilizokimbia? Alikamatwa, akasema yote anayojua, akataja wenzake, akaahidi makuta mengi, akaachiliwa. Miaka kumi baadaye alikuwa na cheo kikubwa kuliko kile cha mbele.

James hakukaa. Mwaka 1688 William wa Orange, yule mtoto wa shangazi, mwenye pia alikuwa amemuoa binti ya James, alishuka magharibi ileile. Yeye hakuja na watu 82. Alikuja na jeshi la maelfu, meli nyingi, na barua ya wakubwa wa Uingereza wakimwalika. Churchill, mshindi wa Sedgemoor, akahamia upande wake. James akakimbilia Ufaransa. Sheria ya mwaka 1689 ikafunga kiti kwa Wakatoliki na kupunguza nguvu ya mfalme mbele ya Bunge. Mambo mengi yenye wafuma nguo walidai miaka mitatu na nusu mbele yakaja bila Monmouth. Kwa wale wa Barbados na wale wa kwenye njia panda, hayo yalichelewa.

Damu ya Monmouth haikupotea. Mke wake Anne alibaki na mali na cheo chake cha Scotland, na wazao wao ni wakubwa kule mpaka leo. Katika bonde la Sedgemoor kuna jiwe la kumbukumbu kwa wale waliokufa usiku ule. Wengi wao walizikwa katika mashimo ya pamoja.

Tukikutana hewani, wasikilizaji, tungependa kuwasikia. Mtu anashuka kijijini na bendera nzuri, ana sura ya baba yake, anasema haki iko upande wake na wakubwa wote wako nyuma yake. Je, mfuma nguo wa Taunton angemuuliza nini kabla ya kuacha kazi yake?